Nyuma ya Karatasi za Oda

Juzi usiku, Itzel Barragán, msichana wa jirani,
alisimama katika maktaba ya mtaa wetu hapa Fresno,
bado amevaa sare ya ghala la zabibu kavu,
akasoma mshororo mmoja mrefu kama treni ya mizigo
inayopita huku magari yote yameinama kuisubiri,
usikatike mpaka pumzi yake yenyewe ilipokatika.
Akameza mate. Akaanza mwingine.

Nikaitambua pumzi ile.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikiosha vikombe
kwenye mkahawa wa chini ya ardhi, San Francisco,
ngazi kumi na moja kutoka barabarani,
moshi umeingia mpaka kwenye sukari.
Vijana walikuja na viatu vilivyochoka kuliko wao,
wakapanda juu ya kreti la machungwa,
wakayatukana mabomu, wakaisifu mitaro,
wakamwita Mungu kama walivyoniita mimi: We!
Mizani hawakuhesabu. Walihesabu kifua:
hewa ikiisha, mstari umeisha,
na pembeni saksafoni ikiwajibu
kama shangazi asiyekubali kushindwa kwa maneno.

Watu wa pigo, ndivyo walivyoitwa.
Mmoja akasema ni pigo la ngoma.
Mwingine, la moyo.
Wa tatu akaonyesha jicho lake lililovimba,
maana rungu la polisi lilikuwa limetia sahihi pale.
Mimi sikuulizwa. Ningesema: pigo la mgongo,
saa nane za usiku, beseni la tatu.

Lakini niliandika.
Mbele ya karatasi: kahawa mbili, keki moja, hajalipa.
Nyuma: mama yangu Ljubica akikanda unga
kwa lugha aliyotukataza tusiirithi.
Dwight Ostrander, aliyekuwa na sauti kuliko wote,
alizisoma tatu, akasema, "Si mbaya,"
kisha akafutia kahawa iliyomwagika mezani.
Sikulia. Maji ya moto yalikuwa yakipoa.

Wengine wao pombe iliwawahi.
Dwight aliuza bima huko Sacramento,
akiandika, nasikia, mshororo mmoja kila Krismasi.
Na waliobaki wameingia kwenye mtihani:
Taja sifa tatu za ushairi wao. Alama sita.
Watu waliotoroka shule kupitia dirishani!

Basi nilimsubiri Itzel mlangoni, nikamuuliza,
"Wale umewasoma?"
"Wale kina nani, Bi Vranich?"
Alikuwa ameipata kwa mwalimu wake wa jioni,
na mwalimu aliipata gerezani, chumba cha kufulia,
kwa mzee mmoja aliyekuwa na kijitabu kisicho na jalada,
kurasa za mwanzo zimeshavutwa kama karatasi za sigara.
Jina la mtunzi lilikwenda na moshi.
Pumzi ikabaki.

Nikafikiri: kumbe hivi ndivyo.
Si sanamu, si bango la shaba ukutani.
Ni binti anayesema ghala, sumu ya dawa shambani,
mjomba aliyerudishwa mpakani usiku wa manane,
bila kuomba ruhusa ya koma,
akidhani amejibunia mwenyewe.
Na kweli amejibunia.
Wale kwenye kreti hawakumwona hata ndotoni,
kama wasivyoniona mimi niliyesimama hatua nne kutoka kwao
nikiwa na kikombe chao mkononi.

"Na wewe unaandika?" akaniuliza.
Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Alhamisi iliyofuata nikaenda.
Bila kreti; magoti haya hayapandi.
Mapafu yangu yana moshi wa watu wengine,
hewa haifiki mbali,
kwa hiyo mistari yangu
ni hii:

mama
alikanda

unga
ukamjibu

mimi
nilikuwa

chini ya meza

nasikia